Kukamua fenoli kutoka maji machafu ya gundi ya plaiwudi: shajara ya mradi

Februari: maji yanayoingia

Maji tunayoyafanyia kazi yanatoka kwenye chungu cha kupikia gundi ya plaiwudi, ile ya fenoli na formaldehaidi inayopikwa kwa kostiki soda. Chungu kikisuuzwa, maji hutoka mekundu ya hudhurungi, pH kati ya 10 na 11, na fenoli huru (ambayo haijaungana kuwa gundi) karibu gramu 5 kwa lita. Humo mna pia mabaki ya formaldehaidi na gundi yenyewe ambayo haijakauka.

Kwa kiwango hicho bakteria hawafai kuwa hatua ya kwanza. Waliozoeshwa huweza kula fenoli ya miligramu mia kadhaa kwa lita, lakini kwenye gramu 5 wanakufa. Mkaa amilifu nao ungefanya kazi, ila ukikadiria kwamba kilo 1 inabeba gramu 100 hadi 200 za fenoli, kila mita ya ujazo ingekula kilo 25 hadi 50 za mkaa. Kukamua kwa kiyeyushi, yaani kuchanganya maji na kimiminika cha aina ya mafuta kinachoichukua fenoli kisha kujitenga na maji, kunaingia hapo, kwenye maji yenye zaidi ya gramu 1 hivi kwa lita, ambapo fenoli ni nyingi kiasi cha kustahili kurudishwa kazini. Hatua hii peke yake haifikishi maji kwenye kiwango cha kumwagwa mtoni, na anayeiuza kwa ahadi hiyo asisikilizwe.

Kabla ya kugusa kiyeyushi chochote, pH ishushwe. pKa ya fenoli, yaani pH ambapo nusu yake imepoteza protoni, ni karibu 10, na fenoli iliyopoteza protoni (fenolati) haihami kwenda kwenye tabaka la mafuta. Hesabu yenyewe ni fupi: kwenye pH 8 asilimia 99 ya fenoli iko katika umbo linalokamulika, kwenye 9 ni asilimia 91, kwenye 10 ni nusu, kwenye 11 ni asilimia 9 tu. Ukikamua maji haya jinsi yanavyotoka, utalaumu kiyeyushi bure.

Machi: kuiangusha gundi

Kwa ajili ya fenoli pekee, pH 7 ingetosha. Tunashuka hadi 4 au 4.5 kwa sababu ya gundi. Aina hii ya gundi huyeyuka majini kwa nguvu ya alkali. Alkali ikiondoka, inaanguka. Asidi ya salfuriki ya asilimia 20 hudondoshwa polepole huku panga la kuchanganyia likizunguka taratibu, si kwa kasi. Karibu na pH 8 maji huanza kufanya ukungu. Chini ya 6 ukungu unakusanyika kuwa vipande vya rangi ya kahawia iliyokolea, vinavyonata kama ulimbo kwenye panga, kwenye kipima pH na kwenye kuta za pipa. Kipima pH kikishikwa na gundi husoma namba ya zamani, na mwendeshaji anaendelea kumimina asidi. Kitoe, kifute kwa kitambaa chenye ethanoli, kisuuze, kisha soma upya kila baada ya dozi.

Maji huachwa yatulie usiku kucha, halafu yanapitishwa kwenye kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili; marekani ya kawaida inatosha. Tope la gundi lina fenoli ndani yake, kwa hiyo linafungiwa kwenye pipa la chuma lenye mfuniko na kuhesabiwa kuwa taka hatari. Halimwagwi shimoni.

Hatua hii inachosha na haina mvuto, lakini ndiyo inayoamua kama mradi utatembea. Gundi ikivuka kwenda kwenye ukamuaji hukaa mpakani mwa matabaka mawili na kutengeneza makapi laini yasiyo maji wala mafuta. Makapi hayo hufunika matone, matone yanakataa kuungana, na mtambo mzima unajaa emalsheni, yaani mchanganyiko wa maji na mafuta usiotaka kutengana. Kichujio kikipasuka, dalili yake ya kwanza inaonekana kwenye tangi la kutulizia, si kwenye vipimo vya fenoli.

Masika yalipoanza, bwawa la wazi la kukusanyia lilipokea mvua: fenoli ilishuka, ujazo ukapanda. Hilo ni hasara tupu, maana pampu, asidi na matangi hulipwa kwa ujazo wa maji, si kwa uzito wa fenoli. Bwawa limeezekwa mabati.

Aprili: kuchagua kiyeyushi

Kipimo ambacho kila mtu hukitazama kwanza ni D, yaani mkusanyiko wa fenoli kwenye kiyeyushi ukigawanywa kwa mkusanyiko unaobaki majini. Heksani ina D chini ya 1, haifai. Toluini ni karibu 2. Benzini (C6H6, si petroli) haipishani nayo sana, na bado viwanda vya koki vya Ujerumani viliitumia zamani pamoja na kostiki soda, kwa sababu walikuwa wakiizalisha wenyewe. Leo hakuna sababu ya kuigusa, inasababisha saratani. Daisopropili etha, inayotumika kwenye mitambo mikubwa ya maji machafu ya kugeuza makaa kuwa gesi kama ule wa Secunda, Afrika Kusini, ina D ya kutosha na huchemka kwenye nyuzi 68 tu, jambo linalorahisisha kuitenga. Ila ikikaa na hewa hutengeneza peroksaidi zinazolipuka, na karakana ndogo isiyopima peroksaidi mara kwa mara iachane nayo. Butili asetati ni nzuri pia, lakini kostiki soda huivunja kuwa butanoli na asetati, kwa hiyo alkali haiwezi kutumika kuitoa fenoli ndani yake ili kiyeyushi kirudi kazini.

Wakabaki wawili: methili isobutili ketoni (MIBK), na tributili fosfati (TBP) ya asilimia 20 kwa ujazo ndani ya mafuta ya taa yaliyosafishwa. Kwenye faneli ya kutenganisha, kwa joto la chumba la pwani, nyuzi 30 hivi, MIBK ilitoa D karibu na 80 na mchanganyiko wa TBP karibu na 28. Joto likipanda D hushuka, hivyo namba za vitabu zilizopimwa kwenye nyuzi 20 au 25 zisinakiliwe kama zilivyo.

Kwa D peke yake MIBK imeshinda. Sasa tazama upande wa pili wa faneli. Maji yaliyokutana na MIBK hubaki na takriban gramu 18 za MIBK kwa lita, zimeyeyuka kabisa, hazionekani. Kila gramu ya MIBK inahitaji gramu 2.72 za oksijeni ili iungue kikamilifu, kwa hiyo COD ya maji hayo (oksijeni inayohitajika kuunguza vilivyomo) ni karibu gramu 49 kwa lita. Fenoli ya gramu 5 tuliyokuja kuiondoa ilikuwa na COD ya gramu 12 tu. Yaani tumetoa kilo 5 za sumu katika mita ya ujazo na kuacha kilo 18 za kiyeyushi, na hicho kiyeyushi ndicho tulichonunua kwa pesa. Ripoti inayoonyesha asilimia 99.9 ya fenoli imeondolewa bila kutaja COD ya maji yanayotoka haijasema lolote la maana.

Dawa ya hilo inajulikana: maji yachemshwe kwenye mnara wa mvuke. MIBK na maji huchemka pamoja karibu na nyuzi 88, na mvuke wake ukipozwa hujitenga wenyewe, MIBK juu. Kupasha joto mita ya ujazo ya maji kutoka nyuzi 30 hadi 100 kunakula karibu megajuli 290, na kuvukiza asilimia 5 ya maji huongeza kama 113. Kibadilisha joto kizuri hurudisha sehemu kubwa ya ile 290. Kiwanda chenye bwela lenye mvuke wa ziada kichukue MIBK bila kusita. Kwetu hakuna mvuke wa ziada, na mvuke wa MIBK hushika moto kuanzia nyuzi 14, maana yake pwani uko tayari kuwaka saa zote, usiku na mchana.

TBP yenyewe huyeyuka majini karibu gramu 0.28 kwa lita, na ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa inapungua zaidi. COD yake haizidi gramu 0.6 kwa lita. Kasoro yake ni fosforasi: kwa kiwango hicho cha juu ni kama miligramu 33 za fosforasi kwa lita, ya kutosha kulijaza ziwa mwani. Kwa hiyo maji yanayotoka huoshwa mara moja kwa mafuta ya taa matupu, yanayokusanya TBP iliyobaki na baadaye kutumika kujazia mchanganyiko unaopungua.

Uamuzi: TBP.

Mei: hatua ngapi, kiyeyushi kiasi gani

Hesabu inategemea E, yaani D mara uwiano wa kiyeyushi kwa maji. Maji na kiyeyushi vikipishana kinyume, kila kimoja kikiingia upande wake, kwa hatua n (kila hatua ni kuchanganya na kutuliza mara moja), sehemu ya fenoli inayobaki majini ni (E − 1) / (E^(n+1) − 1). Kwa lita 1 ya kiyeyushi kwa lita 4 za maji, E = 28 ÷ 4 = 7. Hatua 3 huacha miligramu 12.5 kwa lita. Hatua 4 huacha chini kidogo ya 2. Tumejenga 4.

Wanaoanza mara nyingi hugawa kiyeyushi kipya mafungu matatu na kuosha maji yale yale mara tatu. Ni bora kuliko kuosha mara moja, lakini linganisha: kwa E ya jumla 7, mafungu matatu huacha sehemu (1 ÷ 3.33) kwa kipeo cha 3, karibu asilimia 2.7, yaani miligramu 135. Kiyeyushi kile kile kikipishana na maji kinyume kwa hatua tatu huacha 12.5. Zaidi ya mara kumi, bila gharama ya kiyeyushi hata tone.

Kuna mambo mawili yanayoiharibu hesabu hii nzuri. La kwanza ni kujaa. TBP ya asilimia 20 ni moli 0.73 kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli), na kila molekuli yake hushika fenoli moja hivi. Kiyeyushi kinachotoka na gramu 20 za fenoli kwa lita kimeshatumia moli 0.21, karibu asilimia 29 ya TBP yote, kwa hiyo D katika hatua ya kwanza hushuka kuelekea 20. La pili ni kubwa zaidi: kiyeyushi kinachorudi kazini baada ya kutolewa fenoli kwa kostiki soda. Kikirudi kutoka kwenye kostiki soda na fenoli ya miligramu 500 kwa lita, maji hayawezi kushuka chini ya 500 ÷ 28, karibu miligramu 18, hata ujenge hatua ishirini. Ili kufikia miligramu 2, kiyeyushi kinachorudi lazima kiwe chini ya 56. Namba ya maji yanayotoka inaamuliwa na usafi wa kiyeyushi kuliko wingi wa hatua.

Juni: matangi

Mtiririko: maji lita 60 kwa saa, kiyeyushi lita 15 kwa saa. Kila hatua ni kisanduku cha kuchanganyia cha lita 5 na tangi la kutulizia la sentimita 30 kwa 40. Kwa uwiano wa 1 kwa 4, mafuta hutawanyika kama matone ndani ya maji, na matone madogo hutoroka na maji. Tunataka kinyume chake: maji yawe matone ndani ya mafuta. Kwa hiyo kila tangi hurudisha lita 55 za mafuta kwa saa kwenye kisanduku chake lenyewe, ndani ya kisanduku mafuta yanakuwa 70 dhidi ya maji 60. Jumla ya lita 130 kwa saa hukaa kisandukuni zaidi ya dakika 2, na tangi hubeba kidogo zaidi ya mita 1 ya ujazo kwa kila mita ya mraba kwa saa.

Kuwasha kuna utaratibu wake. Jaza kisanduku mafuta, anzisha panga, kisha ndipo uingize maji. Ukianza na maji, maji ndiyo yatakayozunguka mafuta na yataendelea hivyo hata uwiano ukigeuka. Njia ya kujua ni kutumbukiza kipima upitishaji umeme kisandukuni: kikisoma karibu na sifuri, mafuta ndiyo yanayozunguka, kikiruka juu ghafla, mambo yamepinduka. Panga ni la sentimita 6, mizunguko 500 kwa dakika. Ukiongeza hadi 900 hupati fenoli zaidi, unapata emalsheni.

Kizingiti cha maji, yaani ukingo ambao maji huvuka yakitoka tangini, ndicho kilichotaka uangalifu. Kizingiti cha mafuta kiko milimita 200 kutoka chini, nasi tunataka mpaka wa matabaka ukae kwenye 120. Uzito wa lita moja ya mafuta ni kilo 0.83 na wa maji 1.01, hivyo kizingiti cha maji kiwe 120 + 80 × 0.83 ÷ 1.01, yaani 186. Kila milimita moja ya kosa kwenye kizingiti hicho husogeza mpaka kwa milimita 5 hadi 6. Tangi likiinama kidogo tu, hatua moja inavusha maji kwenye njia ya mafuta. Vizingiti ni vya skrubu, vinapandishwa kwa robo mzunguko, na matangi yamewekwa kwa pima maji.

Vifaa: stenlesi 316, kioo na teflon. Mabomba ya PVC yanayoungwa kwa gundi yasitumike. Viyeyushi hulainisha maungio polepole, kisha siku moja yanaachia. Mota za panga zinaendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, na kila chombo cha chuma kimeunganishwa na waya wa ardhi, kwa kuwa mafuta ya taa yakitiririka hujikusanyia umeme tuli.

Fenoli ikigusa ngozi hutia ganzi kwanza, ndiyo maana mtu hukawia kuiona. Kisha hupenya na kuingia kwenye damu. Glavu za naitrili haziizuii vya kutosha. Tumia za raba ya butili. Karibu na mtambo kuna chupa ya polithilini glaikoli 400 na vitambaa vya kufutia, pamoja na bafu la dharura. Ikikosekana glaikoli, maji yawe mengi sana, kwani maji machache hutandaza fenoli tu. Ikiingia machoni ni maji peke yake, kisha hospitali.

Julai: kuirudisha fenoli

Kiyeyushi kilichobeba hupita hatua mbili za kostiki soda ya gramu 100 kwa lita. Fenoli inageuka sodiamu fenolati na kukaa kwenye maji ya alkali. Kwa nadharia lita 1 hubeba gramu 235 za fenoli; tunaishia 188 ili zibaki gramu 20 za kostiki huru. Fenoli inayoingia ni gramu 300 kwa saa, kwa hiyo alkali inayotakiwa ni lita 1.6 tu kwa saa dhidi ya lita 15 za mafuta. Pampu ya matone inatosha, na alkali nayo huzungushwa ndani ya hatua yake ili pawe na maji ya kutosha kukutana na mafuta.

Kupima kostiki huru kwa kutitrisha na asidi hudanganya, kwa sababu fenolati nayo hula asidi. Tunategemea uwiano wa mitiririko na kipimo cha fenoli kwenye mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Kikipanda kupita miligramu 50, alkali imechoka.

Baada ya alkali, mafuta yaoshwe kwa maji safi kabla ya kurudi. Matone ya kostiki yanayobebwa na mafuta huingia moja kwa moja kwenye hatua ya nne, ile ambayo fenoli ni kidogo kabisa; pH yake inapanda kupita 9, na fenoli inakataa kuhama mahali ambapo kila miligramu inahesabiwa. Dalili ni ya kutatanisha: hatua 1 hadi 3 zinasoma vizuri, ya nne haisogei. Pima pH ya maji yanayotoka kabla hujafungua kitu kingine.

Fenolati hiyo iliyoyeyuka haitiwi asidi. Gundi mpya hupikwa kwa fenoli na kostiki soda, kwa hiyo inarudi chunguni kama sehemu ya vyote viwili, na maji yake yanapunguzwa kwenye kipimo cha maji ya mapishi. Mahali pasipopika gundi italazimu kuitia asidi ili fenoli ielee. Hapo kumbuka kwamba maji ya chini yake bado yatakuwa na makumi ya gramu za fenoli kwa lita na yarudishwe mwanzo wa mtambo.

Agosti: vipimo, na kinachofuata

Sampuli za maji huchukuliwa kwenye chupa za kioo cheusi, hushushwa chini ya pH 2 kwa asidi ya salfuriki na kuwekwa kwenye nyuzi 4. Kipimo cha rangi cha 4-aminoantipirini, kinachosomwa karibu na nanomita 500, hufanywa baada ya kunereka sampuli. Kinakamata fenoli yenyewe vizuri lakini hakioni para-kresoli, kemikali ya jamii ya fenoli, basi pale inaposhukiwa kuwa maji yana kresoli, sampuli iende kwenye HPLC, kipimo kinachotenganisha kemikali moja moja. Kila tunapopima, fenoli iliyoingia hulinganishwa na jumla ya iliyotoka: majini, kwenye alkali na kwenye tope. Tofauti ikizidi asilimia 5, mara nyingi iliyopotea iko kwenye tope la gundi.

Formaldehaidi haikuguswa. Inapenda maji kuliko mafuta, inapita hatua zote nne kama ilivyoingia, na ni sumu kwa bakteria vilevile. Hivyo maji yanayotoka hurekebishwa hadi pH 7 na kuchanganywa na maji mengine ya kiwanda ili kupunguza makali, kisha yanaingia kwenye tangi la bakteria, na mwisho kwenye mkaa amilifu wa vifuu vya nazi. Mkaa unaobakiwa na miligramu chache tu hudumu muda mrefu, tofauti kabisa na ile hesabu ya kilo 50.

TBP inayokutana na kostiki soda huvunjika polepole kuwa dibutili fosfati, ambayo hukawiza matabaka kutengana. Muda wa kutengana hupimwa kwenye silinda ya mililita 500. Ukizidi dakika 3, mafuta yote huoshwa kwa sodiamu kabonati ya asilimia 5. Kazi iliyo mezani sasa ni kichujio cha pili baada ya kitambaa, cha mchanga laini, na kifuniko cha visanduku vya hatua ya 1 na 2, kwa kuwa harufu ya mafuta ya taa bado inafika kwenye meza ya vipimo.